Moshi wa Mbeya na haki ya kuendesha gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mazungumzo ya hewa chafu yakianza Mbeya, hayapiti muda mrefu kabla mtu hajasema: ondoeni mikweche barabarani, mji utapumua. Ukurasa huu unajibu maswali yanayofuata baada ya kauli hiyo. Msimamo wetu tunausema mapema. Hewa safi ni haki ya kila mtu na haina sababu ya kusubiri, lakini kanuni inayopima pochi ya dereva na kuuacha moshi wa gari lake inamwadhibu anayeumizwa na moshi huo, na kumwachia barabara anayeuongeza.

Kwani kuna anayependekeza kwamba maskini wasiendeshe?

Kwa maneno hayo, hakuna. Tabaka huingia kwa mlango wa nyuma, na milango hiyo ni mitatu. Wa kwanza ni umri wa gari: lililozidi miaka fulani lisiingie mjini. Wa pili ni ada: anayetaka kuingia katikati ya mji alipe kiasi fulani kwa siku. Wa tatu ni namba ya gari: leo zipite zinazoishia na shufwa, kesho witiri. Kila mmoja ukiusoma kwenye karatasi unaonekana hauna ubaguzi, kwa sababu haumtaji mtu. Ukiupeleka barabarani unajua mara moja nani atabaki nyumbani.

Moshi wa magari ni tatizo la Mbeya kweli, au tunaazima hofu za Delhi?

Ni la Mbeya, na ardhi yetu wenyewe inaliongezea uzito. Jiji limelala bondeni, Loleza na safu ya milima ya Mbeya ikiwa kaskazini, Uporoto kusini mashariki. Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapouma, hewa baridi iliyo nzito hujilaza bondeni na hewa yenye joto kidogo huifunika kwa juu. Moshi wa alfajiri unakosa pa kupandia, unabaki palepale watu walipo mpaka jua lichome. Ukitazama jiji kutoka miinuko ya Loleza saa moja asubuhi, utando huo unauona kwa macho.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wa dizeli wanalijua vizuri. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoingia kwenye injini huku ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini ya dizeli isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), ambayo pampu yake imesetiwa kwa ajili ya pwani, inamwagiwa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Yasiyoungua hutoka kama masizi. Ndiyo maana Fuso ileile iliyopita Morogoro bila mtu kuigeukia inatema weusi mtupu ikipanda Mlima Nyoka.

La tatu ni barabara kuu ya kwenda Tunduma. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo, na yale yanayopeleka mafuta na bidhaa huko, hupita katikati ya makazi: Uyole, Nane Nane, Mwanjelwa, Iyunga, hadi Mbalizi. Kwa sensa ya 2022 jiji lina watu zaidi ya nusu milioni, na wengi wao wanaishi, wanasoma au wanauza vitu karibu na barabara hiyo.

Kuhusu madhara hakuna ubishi wa kitaalamu uliobaki. Mwaka 2012 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokishauri cha chembe ndogo sana za uchafu hewani, zile zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka.

Magari hata hivyo si chanzo pekee. Kuna kuni na mkaa, matanuri ya matofali, taka zinazochomwa uani na vumbi la kiangazi. Nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwisho wa kipindi. Anayewanyooshea kidole wenye vigari vya zamani huku akiyafumbia macho matanuri na malori amechagua wa kumbebesha mzigo kabla hajapima.

Nani anavuta moshi huo zaidi?

Aliye karibu na ekzosi. Mama lishe aliyepanga sufuria zake pembeni ya stendi, machinga wa Mwanjelwa, kijana wa bodaboda anayesubiri abiria tangu saa kumi na moja alfajiri, kondakta aliyening'inia mlangoni, mtoto anayetembea kwa miguu kwenda shule kandokando ya lami. Aliyefunga vioo na kuwasha kiyoyozi anavuta pia, ila kwa dakika ishirini, na jioni anarudi kwenye mtaa wenye miti na nafasi.

Jambo hili linatakiwa kuwa mwanzo wa kila mjadala wa haki, na mara nyingi halitajwi kabisa. Anayesema "msiguse magari, mtawaumiza wanyonge" anasahau kwamba wanyonge ndio wanaokohoa. Kutofanya chochote nako ni uamuzi, na una wa kuumia wake.

Lakini gari la zamani si ndilo linalochafua zaidi?

Mara nyingi ndiyo, ukilinganisha gari kwa gari, kilomita kwa kilomita. Teknolojia ya injini imesonga mbele sana. Ila kutoka hapo kwenda kwenye "basi tupige marufuku yote ya zamani" kuna hatua tatu zinazorukwa.

Kwanza, umri unadanganya. Tuna mazoea ya kulisoma gari kwa herufi ya namba yake: namba A ni mzee, namba E ni kijana. Herufi hiyo inaeleza lini gari lilisajiliwa Tanzania, haielezi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 lililoshushwa bandarini juzi linatembea na namba E, jipya kwa macho ya kila mtu, wakati la jirani la mwaka uleule lina namba A na limetunzwa kwa miaka yote. Kanuni ya herufi ingempitisha wa kwanza na kumkamata wa pili.

Pili, matunzo yana nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Nozeli zilizochoka, filta ya hewa iliyoziba, pampu isiyosetiwa, yale masega ya ndani ya ekzosi yanayosafisha moshi yakiwa yameng'olewa na kuuzwa: gari la miaka mitano lenye kasoro hizo linaweza kulizidi kwa uchafu la miaka ishirini lenye fundi makini. Na mafuta nayo yana habari yake. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, hatua kubwa sana. Lakini aliyechanganya dizeli na mafuta ya taa anaiharibu injini ya mtu ambaye hana habari, na mwenye gari ndiye atakayesimamishwa barabarani. Uchakachuaji huo ndio uliosababisha EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kuanza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kuyatambua, kwenye mafuta mwaka 2010.

Tatu, na hili ndilo zito, tunahesabu magari wakati tulipaswa kuhesabu watu. Chukua mfano wa hesabu tu. Tuseme Hiace iliyochoka inatoa moshi mara tano ya gari jipya la kutembelea. Hiace imebeba abiria kumi na wanne, gari jipya limebeba mtu mmoja. Gawanya: kila abiria wa Hiace anabeba takribani theluthi moja ya moshi wa yule aliyekaa peke yake kwenye kiti cha ngozi. Ukiiondoa Hiace hiyo bila kuleta kitu badala yake, wale kumi na wanne hawatabaki nyumbani. Watapanda bodaboda na bajaji, na moshi hautapungua.

Hatusemi Hiace hiyo iachwe ilivyo, kwa sababu mama lishe aliye nyuma ya ekzosi yake hapumui wastani wa kila abiria, anapumua moshi wote. Itengenezwe. Kuitengeneza na kuifukuza mjini ni mambo mawili tofauti.

Nina IST tu, wala si tajiri. Mbona ninaingizwa kwenye mjadala huu?

Kwa sababu katika mji wetu wengi wanatembea kwa miguu au wanapanda daladala, na mwenye gari lolote la kutembelea tayari amewatangulia kwa kitu. Hilo si kosa lako. Mwalimu aliyekopa akanunua gari la mkono wa pili ili awahi kazini na kuwafikisha watoto shule hana cha kuona aibu.

Na wewe ndiye utakayeumia zaidi na kanuni ya umri. Serikali inatoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari dogo linaloingizwa nchini likiwa limezidi umri uliowekwa. Kwa lililopita miaka 10 ni asilimia 30. Ulishalipia uzee wa gari lako bandarini. Kulipishwa tena mjini kwa uzee uleule, bila mtu kupima kinachotoka kwenye ekzosi, ni kulipishwa mara mbili.

Nchi nyingine zilifanyaje?

Mexico City ilianza Novemba 1989: kila gari likae nyumbani siku moja ya wiki kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba yake. Ilionekana ya haki kabisa, kila mtu na siku yake. Wenye uwezo wakanunua gari la pili lenye tarakimu nyingine, na mengi ya magari hayo yalikuwa ya zamani. Uchunguzi uliochapishwa 2008 haukuona hewa ikiwa safi zaidi kutokana na kanuni hiyo. Baadaye magari mapya na safi yakasamehewa zuio la kila wiki, hivyo mwenye kipato akapata ruhusa ya siku zote na mwenye gari la zamani akabaki na makatazo.

Delhi ilijaribu shufwa na witiri kwa wiki mbili Januari 2016, ikarudia Aprili mwaka huohuo. Pikipiki zilisamehewa, kwa sababu mabasi yasingeweza kuwabeba watu wote hao. Viongozi wakubwa wa kitaifa nao walisamehewa. Msamaha wa pikipiki una mantiki. Wa viongozi unavunja moyo wa kanuni nzima.

Bogotá ilikuwa na zuio la namba tangu 1998, kisha ikaruhusu anayetaka kutembea siku yake ya zuio alipie. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huo: moshi uleule, ukilipiwa unapita.

Singapore imekwenda mbali zaidi. Tangu 1990 anayetaka kumiliki gari hushindania kibali kwenye mnada, na mwaka 2023 bei ya kibali peke yake ilipita dola 100,000 za huko. Foleni ni chache na hewa inasifiwa, lakini gari limekuwa alama ya tabaka. Kinachowafanya wananchi wavumilie ni treni na mabasi yanayofika karibu kila mahali kwa nauli nafuu.

London ilianza mwaka 2019 kutoza pauni 12.50 kwa siku gari lisilotimiza viwango vya moshi, eneo likapanuliwa 2021, na Agosti 2023 likafika jiji zima. Kelele zilikuwa kubwa, hasa za wafanyakazi wa pembezoni wanaotegemea gari. Kilichopunguza makali ni fedha ya kumsaidia mkazi aachane na gari lake chafu, pauni 2,000 kwa gari la kawaida, pamoja na mtandao wa mabasi na treni uliokuwepo kabla.

Stockholm ndiyo tunayoipenda. Kwanza waliongeza mabasi, Agosti 2005. Ndipo Januari 2006 wakaanza majaribio ya ada ya kuingia mjini, magari yakapungua kwa takribani moja ya tano. Baada ya majaribio, Septemba mwaka huo, wakazi wakapiga kura, wakaikubali, na mwaka 2007 ada ikawa ya kudumu. Basi lilitangulia ada, na mwananchi akapewa nafasi ya kuonja kabla ya kuamua.

Kwa nini tusitoze tu ada? Mwenye hela alipe, fedha ijenge mji.

Ada inaweza kuwa ya haki, na inaweza kuwa dhuluma, kutegemea mambo matatu: ukubwa wake kwa kila mlipaji, fedha inakokwenda, na njia aliyonayo asiyeweza kulipa.

Shilingi 5,000 kwa siku kwa mtu mwenye gari la kifahari ni bei ya kahawa na kitafunwa mahali pazuri. Kwa dereva wa kirikuu anayeshusha viazi vya Uporoto sokoni, ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri wake kabla hajaona senti yake, ni chakula cha watoto. Ada iliyo sawa kwa wote si sawa kwa wote. Ikipandishwa kwa ukubwa wa injini na kwa moshi uliopimwa, na gari linalobeba mizigo au abiria kwa riziki likapewa kiwango chake, hali inabadilika.

Kuhusu fedha inakokwenda, tuna somo letu wenyewe. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuhamishia makusanyo kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Ilisaidia: anayeendesha sana analipa sana, na mwenye gari lililokufa uani halipi chochote. Lakini mafuta ya taa nayo yaliongezwa shilingi hizohizo, ili yasiwe kishawishi cha kuchakachua, na bibi anayewasha koroboi kijijini akajikuta anachangia leseni ya magari. Sababu ilieleweka. Mzigo nao ulikuwa halisi, na hakuna aliyemrudishia bibi chochote.

Si tulishawahi kuzuiwa kuendesha Jumapili? Mbona watu waliishi?

Wazee wanakumbuka. Enzi za shida ya mafuta, bei zilipopanda duniani kuanzia 1973, magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Lengo lilikuwa kuokoa mafuta na fedha za kigeni. Ilivumilika kwa sababu ilimgusa kila mwenye gari binafsi, awe na Benz au Datsun, na ilikuwa nusu siku ya mapumziko.

Kigali leo ina utaratibu unaofanana na huo: tangu 2016 barabara maalumu hufungwa kwa magari baadhi ya Jumapili na watu hukimbia, huendesha baiskeli na kupimwa afya bure. Mbeya ingeweza kufanya hivyo kesho kwenye barabara moja ya katikati ya mji bila kumuumiza mtu. Hautakuwa mwisho wa moshi, ila watu wangeonja mji usio nao.

Bajaji na bodaboda zizuiwe?

Mvutano wa daladala na bajaji Mbeya ni wa miaka mingi, na umewahi kufikia migomo. Ukiusikiliza vizuri, ni ugomvi wa abiria na njia. Moshi huongezwa kama hoja ya pili pale inapofaa. Ndiyo maana tunaomba tahadhari: zuio la mazingira lisitumike kummalizia mtu ushindani wa kibiashara.

Bodaboda mbovu inayochanganya oili na petroli inachafua sana kwa udogo wake, na ifuatiliwe. Lakini kijana akifukuzwa katikati ya mji bila kuelezwa aende wapi, atarudi usiku au atarudi kwa rushwa.

Na malori je?

Hapa ndipo pa kuanzia. Linganisha na Iringa: mji wenyewe umekaa juu ya kilima na barabara kuu inapita chini, Ipogolo. Lori la kwenda Tunduma halina shughuli ya kupanda hadi mjini. Sisi lori linatukatiza mji mzima, likisimama na kuondoka kwenye kila foleni, na kuondoka ndiko kunakotoa moshi mzito kuliko wote.

Upanuzi wa barabara ya Uyole hadi Ifisi kuwa njia nne utapunguza kusimama huko. Barabara ya mchepuko ya kuyapitisha malori nje ya mji itapunguza zaidi. Na reli ipo tayari, inapita Iyunga. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua. Kila behewa la shaba linalorudi relini ni lori lililoondoka Mwanjelwa, bila kumgusa mwalimu mwenye IST wala kijana wa bajaji.

Lakini dereva wa lori naye ni mfanyakazi. Kanuni imbane mwenye kampuni na gari lake: pampu isetiwe, lori lisiingie mjini saa za wanafunzi, faini isikatwe kwenye posho ya dereva.

Magari ya serikali yahesabiwe?

Ndiyo, tena yawe ya kwanza kupimwa, na matokeo yabandikwe hadharani. Msafara wa V8 unaosubiri nje ya ukumbi wa mkutano injini zikiunguruma kwa saa mbili hauna utetezi wowote.

Katiba inaruhusu kuzuia watu kwa hali zao?

Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza ubaguzi, na katika tafsiri yake ya ubaguzi imetaja pia hali ya maisha ya mtu. Ibara ya 17 inatoa uhuru wa kwenda utakako, ikiacha nafasi ya mipaka ya kisheria kwa manufaa ya umma. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi kwenye mazingira safi, salama na yenye afya.

Ukizisoma pamoja, mamlaka zinaweza kuzuia gari kwa sababu ya moshi. Zikizuia kwa kigezo kisichopima moshi, na kigezo hicho kikawaangukia wa kipato cha chini peke yao, zitakuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Nani hasa anaweza kuweka kanuni hizi?

Halmashauri ya Jiji kwa sheria ndogo, LATRA kwa magari ya abiria na mizigo, NEMC kwa viwango vya hewa, TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa za mitaa, na polisi wa usalama barabarani kwa utekelezaji. Tatizo liko hapo pia: kila mmoja anaweza kusema jambo hili ni la mwenzake.

Magari ya umeme hayatamaliza mjadala?

Yatasaidia kwenye pikipiki na bajaji kabla ya kusaidia kwenye magari, kwa sababu betri ni ndogo na dereva anaokoa fedha ya petroli kila siku. Ethiopia ilitangaza mapema 2024 kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, hatua ambayo wenye fedha waliweza kuifuata haraka kuliko wengine. Tukitaka umeme usiwe starehe ya wachache, msamaha wa kodi uanzie kwenye bajaji ya kazi, na gari la kifahari lisubiri.

Basi nyie mnataka nini kifanyike?

Moshi wenyewe upimwe. Mashine ya kupima weusi wa moshi si roketi: kifaa kinaingizwa kwenye ekzosi, dereva anakanyaga mafuta, kinasoma mwanga kiasi gani umezibwa. Kipimo kifanyike bila malipo kwa mara ya kwanza, pale Nane Nane na Mbalizi, kwa gari lolote, na risiti yenye namba itoke kwenye mashine. Bila mashine, ukaguzi unageuka kuwa stika ya kununua, na stika ya kununua ni kodi ya maskini kwa jina lingine.

Anayefeli apewe muda wa kutengeneza kabla ya faini, siku sitini kwa mfano, na kwa mwenye Hiace au kirikuu cha riziki kuwe na mkopo nafuu wa nozeli na pampu. Kutengeneza nozeli ni nafuu mno kuliko kununua gari. Akifeli tena baada ya hapo, asimame, awe nani na awe na gari la mwaka gani. Hapo hatuna huruma, kwa sababu watu walio nyuma ya ekzosi hawakuomba moshi huo.

Sambamba na hilo, Coaster kubwa zaidi ziwekwe kwenye njia ndefu za Uyole na Mbalizi kwa ratiba inayoaminika. Kusiwe na zuio lolote la kuingia mjini kabla ya basi hilo kuonekana barabarani.

Zuio likija, nani asamehewe?

Wachache iwezekanavyo, na msamaha ufuate safari, usifuate cheo. Ambulensi na zimamoto. Anayempeleka mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda au mjamzito hospitali ya wazazi ya Meta, kwa gari lolote atakalopata, hata likitoa moshi usiku huo. Mtu mwenye ulemavu ambaye gari ndiyo miguu yake. Mkulima anayeingiza mazao yanayooza, kwa saa za alfajiri zilizotengwa. Zaidi ya hapo, mheshimiwa na machinga wapange foleni moja kwenye mashine ya kupimia, na anayeomba kuipita aiombe mbele ya wenzake walio kwenye foleni hiyo.